Simu ya wengi isafishwe, lakini si kwa kumwagiwa javeli

Kalemie: Katika kambi za wakimbizi wa ndani, simu moja hutumiwa na familia nyingi. Huyu anaulizia ndugu waliobaki kijijini, yule anangoja pesa. Inapita mkono kwa mkono, na mji huu unaijua kolera. Basi kunawa mikono kwa sabuni ndiyo kinga ya kwanza.

Simu nayo isafishwe, lakini kuimwagia maji ya javeli ni kuiua. Izimwe, itolewe kwenye chaja. Kitambaa laini kilowe kidogo tu alkoli ya farmasi ya asilimia 70, mbali na mbabula. Ipanguswe, ikauke, ndipo iwashwe.

Wenye vibanda vya kuchaji waweke kitambaa hicho, maji na sabuni. Simu hiyo ikifa, nyumba nyingi zinakosa habari za ndugu zao.