Gemu Haijatoka, Matusi Yametangulia



Najua nimeadimika hapa karibu wiki tatu. Test zilinibana, bumu nalo likachelewa, na mwenye njaa haandiki kitu cha maana. Sasa bumu limeingia, supu imenyweka, tuongee.

Leo naongelea magemu. Wale msiocheza msikimbie, hamtapotea, maana habari yenyewe ni ya watu. Ninachotaka kusema ni hiki: mashabiki wa haya magemu yanayotangazwa kwa mbwembwe, na hapa chuo tunao wa kutosha, hasira yao kila siku inampiga mtu ambaye hakuahidi kitu. Aliyeahidi na akachukua hela yuko zake salama.

Tuanze na GTA 6, maana ndiyo inayowatoa watu povu. GTA 5 ilitoka Septemba 2013, wengi wetu tukiwa shule ya msingi na kaptula zetu. Trela ya kwanza ya GTA 6 (siyo yale matrela ya malori ya Rwanda yanayopita Kahama, hahaha) ilitoka Desemba 2023 na ikaangaliwa zaidi ya mara milioni 90 ndani ya saa 24. Dakika moja na nusu ya picha tu! Wakasema gemu itatoka 2025. Mei 2025 wakasogeza hadi tarehe 26 Mei 2026. Novemba 2025 wakasogeza tena hadi tarehe 19 Novemba 2026. Na kila tarehe ikisogea, kuna binadamu mahali fulani anaoga matusi.

Halafu kumbuka gemu yenyewe imetangazwa kwa PS5 na Xbox za kizazi hicho. PS5 kwetu ni zaidi ya milioni moja. Kule nyumbani Nyasubi mabanda mengi ninayoyajua yanaendeshwa na PS2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Bado inalisha familia za watu hadi leo. Kwa hiyo pale mtaani GTA 6 ilikuwa kama habari za mbinguni, kila mtu anazijua na hakuna aliyefika.

Sasa likizo ndefu ya 2025, mwezi wa nane, nikiwa nyumbani, ikapita diski mtaani imeandikwa GTA 6. Mwenye banda mmoja akainunua. Wala hakuijaribu. Akachukua boksi la biskuti, akaandika kwa maka peni GTA 6 IPO, akalitundika mlangoni, akarudi zake mashineni kukoboa mpunga. Bandani akamwacha dogo, mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya hela na kuhesabu dakika. Dogo alikuwa anajikusanyia ada ya VETA, anataka umeme wa magari.

Jamani, foleni ile! Wanafunzi, bodaboda, hadi vijana walioshuka kutoka machimboni na hela za wikiendi mfukoni. Nusu saa kwa mia tano, ikapanda hadi buku. Siku ya kwanza watu wanasukumana, hakuna anayeangalia vizuri. Siku ya pili jamaa mmoja akatulia akaangalia: mbona huyu ni CJ? CJ yule yule mwenye singlendi nyeupe! Ilikuwa San Andreas ya mwaka 2004, imechakachuliwa, wamebadilisha magari na kuweka picha mpya pale mwanzo.

Basi ndio ikawa kesi. Na aliyeulizwa ni nani? Siyo aliyechakachua. Siyo aliyeuza diski. Siyo aliyeandika boksi, maana yeye yuko mashineni na mpunga wake. Dogo alikula makofi mawili, pedi mbili zikavunjwa, na jiwe likapita dirishani likatua kwenye kioo cha TV. Mwenye banda alipokuja akapiga hesabu ya TV na pedi, akakata kwenye mshahara wa dogo, miezi miwili yote. Hela ya buku buku za siku mbili alikuwa ameshaiweka mfukoni.

Dogo hakurudi tena pale. Sasa hivi yuko machimboni anaponda mawe. VETA mtajua wenyewe.

Mtasema hayo ni mambo ya uswahilini, wenzetu wamestaarabika. Haya, twende Ulaya.

Kuna gemu inaitwa Cyberpunk 2077, imetengenezwa na kampuni ya Poland inaitwa CD Projekt. Ilitangazwa 2012. Watu wakaisubiri miaka minane. Mwaka 2020 peke yake tarehe ilisogezwa mara tatu: kutoka Aprili kwenda Septemba, kutoka Septemba kwenda Novemba, halafu tarehe 10 Desemba. Walipotangaza ile ya tatu, Oktoba 2020, wafanyakazi wakaanza kupokea vitisho vya kuuawa. Mmoja wa wabunifu wa gemu hiyo, Andrzej Zawadzki, ilibidi ajitokeze hadharani kuwaambia watu kwamba hasira anaielewa, lakini kumtishia mtu kifo ni jambo lisilokubalika. Hivi mtu anayechora jinsi bunduki inavyofyatuka kwenye gemu ndiye anayepanga tarehe ya kuuza? Ana tofauti gani na dogo wetu wa bandani?

Lakini lililoniuma zaidi ni la wiki chache baadaye. Tarehe 7 Desemba 2020, siku tatu kabla gemu haijatoka, mwandishi mmoja wa Game Informer, Liana Ruppert, aliandika onyo. Alisema kuna taa zinazomweka ndani ya gemu ambazo zinaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa, na yeye mwenyewe zilimpata wakati anaicheza. Akaeleza ziko sehemu gani ili wenzake wajihadhari. Kuna waliomshukuru. Na kuna waliomtumia video za taa zinazomweka, makusudi, ili aanguke.

Soma tena hiyo sentensi. Kwetu mtu akianguka kifafa, hata kama ni adui yako, unakimbia kumsogeza mbali na moto. Hawa walibeba moto wakampelekea. Sababu? Amesema jambo baya kuhusu gemu ambayo wao wenyewe walikuwa hawajaishika! Na kampuni yenyewe ilikubali kwamba ana hoja, wakaongeza tahadhari na siku chache baadaye wakazipunguza zile taa. Yaani wenye gemu wamekubali, shabiki bado anapigana.

Gemu ilipotoka, kwenye PS4 ilikuwa kituko. Watu wanaelea hewani, inajizima yenyewe. Wachambuzi kabla ya hapo walikuwa wamepewa ile ya kompyuta tu, ya PS4 hawakuonyeshwa. Kama wiki moja baadaye, Sony wakaitoa dukani kwao na kuwarudishia watu hela, haikurudi mpaka Juni 2021. Januari 2021 mmoja wa wakubwa wa kampuni, Marcin Iwiński, aliomba radhi kwa video na kusema lawama zisiende kwa wafanyakazi, uamuzi ulikuwa wa uongozi. Asante mzee, lakini matusi yalikuwa yameshafika kwa wafanyakazi.

Sasa angalia nani alipata nini. Wenye hisa waliona wamedanganywa, wakaenda mahakamani Marekani, na Desemba 2021 kampuni ikakubali kuwalipa dola milioni 1.85. Walionunua gemu wakadai, wakarudishiwa. Yule aliyekesha anatuma video za taa kwa mwanamke mgonjwa alipata nini? Hata jezi hakupewa. Na kampuni ikaendelea, gemu ikarekebishwa, na kufikia Oktoba 2023 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 25.

Mifano iko mingi sitaimaliza. No Man's Sky mwaka 2016 ilisogezwa kutoka Juni hadi Agosti. Wiki saba tu! Mwandishi aliyetoa habari hiyo, Jason Schreier, alitishiwa kuuawa kwa kusema imesogezwa, na ilikuwa kweli imesogezwa. Bosi wa gemu, Sean Murray, naye akatishiwa. Mwaka 2020 ikatoka The Last of Us Part II, ambayo Laura Bailey aliigiza sauti ya mhusika anayeitwa Abby. Watu hawakumpenda Abby, wakamtishia Laura na mtoto wake mdogo. Mtu ameigiza, jamani. Ni sawa na kumvizia njiani mama anayeigiza mchawi kwenye filamu zetu za Bongo (na nasikia hilo nalo linawapata, sishangai).

Sisi wa PES tusijifanye malaika. Septemba 30, 2021 Konami walitoa eFootball badala ya PES, ya bure, na ilikuwa na sura za wachezaji zinazotisha watoto. Kesho yake wakaomba radhi. Ile iliyokamilika ilikuja Aprili 2022. Nyasubi haikutugusa, maana PES ya mwisho ya PS2 ilikuwa ya 2014, hizo nyingine ni kazi ya mafundi wetu wa kompyuta wanaovalisha jezi za Simba na Yanga. Lakini ule ugomvi wa PES na FIFA mnaujua. FIFA nayo ilibadilishwa jina mwaka 2023, ikawa EA Sports FC. Majina yote mawili yamekufa, na bado nina watu wawili kwenye block hawasalimiani kwa sababu yake!

Najiuliza hii kitu inatoka wapi. Nadhani shabiki wa gemu anajiona kama mwanachama. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, babu yako alikuwa na kadi, tawi liko mtaani, kuna mkutano mkuu, unaweza kusimama na kumuuliza kiongozi mchezaji yule mmemnunua wa nini. Ushabiki wao nao una matusi yake, siwatetei. Ila angalau pana mlango wa kugonga. GTA ni ya Rockstar, na Rockstar ni ya Take-Two, kampuni ya hisa. Wewe kule ni mteja, tena mteja ambaye hajanunua. Huna kadi wala tawi. Lakini unalinda geti la mtu usiku kucha bila mshahara na unang'ata kila anayepita.

Na sisi watu wa Kahama tulitakiwa tulijue hili bila kufundishwa. Ikivuma kwamba duara fulani limeshika dhahabu, watu wanauza ng'ombe wakaweke hela. Duara likitoa mawe matupu, mwenye duara yuko mjini anakunywa soda, wanaotukanwa ni wale walioko chini na tochi kichwani.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Wiki hii mshikaji mmoja hapa hosteli, simtaji, anajijua, alikuwa anapitisha simu kwa kujisifu. Kuna mchambuzi huko nje alisema ana wasiwasi kama GTA 6 itafikia sifa inazopewa. Wasiwasi tu. Mshikaji kamwandikia Kiingereza kizito, amemuombea kifo, amemtajia na watoto. Room nzima wanacheka, "umemmaliza mwanangu!" Nilipomuuliza kwa nini, akanipa majibu mawili. Kwanza ni utani. Pili yule mtu anapokea meseji elfu, hawezi kuisoma ya kwake.

Bro, kama haisomwi umeiandika ya nini? Na kama ni elfu, basi wako wenzako 999 waliojiambia hivyo hivyo. Vile vile bandani kwa dogo, kila mmoja alitupa kitu kimoja tu. Huyu kofi, yule pedi, mwingine jiwe. Ukimuuliza mmoja mmoja atakwambia yeye hakufanya kitu kikubwa.

Sijasema watu wasikasirike. Ukiuziwa kitu kibovu kasirika, dai hela yako, waambie na wenzako wasinunue. Kampuni ikikudanganya itaje kwa jina na useme ilidanganya wapi. Hiyo inauma kampuni kweli kweli, ndiyo maana wale wa hisa walilipwa. Nina shida na huyu anayeruka juu ya vichwa vya wote waliokula hela akaenda kumkaba mwandishi, mwigizaji, au mtoto anayehesabu dakika bandani.

Haya, umeme unacheza cheza hapa na kesho saa mbili nina presentation ambayo sijagusa hata slaidi. Mshikaji, najua unasoma humu. Room yangu unaijua, chai ipo na maandazi manne ya jana. Njoo na hiyo simu tuifute ile meseji, halafu nakufunga tano bila kwenye PES.