Dawa ya kurefusha maisha ya mbwa iulizwe ushahidi

MKULIMA wa Kitanga anaijua thamani ya mbwa wake pale mahindi yanapoanza kukomaa. Nyani wanashuka mchana, nguruwe pori wanaingia usiku, na shamba lisilo na ulinzi huvunwa kabla mwenyewe hajavuna. Mbwa mzoefu akifa, mtoto wake huchukua muda mrefu kuizoea kazi. Kwa hiyo mchuuzi akifika mnadani na chupa ya dawa ya kumrefushia mbwa maisha, hawezi kukosa wateja.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aulize dawa hiyo imethibitishwa vipi. Kwamba mbwa wa jirani aliinywa na bado yu hai si ushahidi, kwani pengine angeishi hata bila dawa. Ushahidi hupatikana kwa kuwagawa mbwa wanaofanana katika makundi mawili kwa kura, kundi moja likapewa dawa na jingine lisipewe, kisha ikahesabiwa kila kundi limeishi muda gani.

Kazi hiyo ni ndefu na ya gharama. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu wakiwa wadogo. Nusu yao walilishwa pungufu kwa robo kuliko ndugu zao, na wakaishi karibu miaka 2 zaidi. Huko huko, kampuni ya Loyal iliingiza mbwa 1,300 katika majaribio ya kidonge kiitwacho LOY-002. Februari 2025 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilikubali kwamba ipo sababu ya kutarajia kidonge hicho kifanye kazi, lakini majaribio yalikuwa bado yanaendelea. Kutarajia si kuthibitisha.

Mbwa wa Kasulu na Kibondo hasumbuliwi na unene. Maisha yake hufupishwa na njaa, minyoo, kupe na maradhi, likiwemo kichaa cha mbwa, ambalo humuua pia binadamu na halina tiba dalili zikishaonekana.

Chanjo yake ipo na imepimwa hapa hapa nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa chanjo ya aina moja, baada ya kukaa miezi 6 kwenye nyuzi joto 25 au miezi 3 kwenye nyuzi 30, iliwapa mbwa wa Tanzania kinga isiyopungua ile ya chanjo iliyotoka kwenye jokofu. Kwa vijiji visivyo na umeme, hiyo ni habari kubwa, ingawa si kila chanjo huvumilia joto.

Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Halmashauri zipange siku za chanjo na kuzitangaza mapema, na mkulima ampeleke mbwa wake. Fedha ya chupa isiyo na ushahidi ni heri inunue dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo.