WA BANGI NA GONGO NAO WAPATIWE MTAALAMU



Natoa maoni yangu kuhusu tiba ya watu waliotawaliwa na ulevi.

Kwanza naipongeza Serikali. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini, na Daktari Jessie Mbwambo, bingwa wa magonjwa ya akili, alikuwa miongoni mwa wataalamu walioisimamia kazi hiyo. Baadaye huduma ilifika Mwananyamala, Temeke, Dodoma, Mbeya na Mwanza. Kwa kawaida mgonjwa hufika kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na hupewa ushauri. Wengi waliokuwa wakilala vibarazani leo wanafanya kazi na kulea watoto wao.

Lakini methadoni ni dawa ya mtu wa heroini na jamii yake. Haimtibu mvuta bangi wala mnywa gongo. Huku Mpanda, katika kijiji ninachofundisha, wanaowaliza wazazi ni hao wawili. Tiba yao kubwa haimo katika chupa. Imo katika kazi ya mwanasaikolojia, yaani mtaalamu wa nafsi na tabia, anayekaa na mgonjwa miezi mingi akitafuta naye ni saa gani hamu humjia, yuko na nani, ana fedha au hana, na afanye nini badala yake. Akianguka tena hafukuzwi, bali wanaanza upya. Na mlevi wa siku nyingi akiacha pombe ghafla anaweza kupata degedege, hivyo mtaalamu huyo hushirikiana na daktari.

Nina kijana niliyemfundisha hadi akamaliza darasa la saba. Alianza bangi akiwa kibarua kwenye mashimo ya dhahabu. Ndugu zake walimfunga kamba. Wakauza ng'ombe wawili wakampeleka kwa mganga. Mwishowe aliwekwa mahabusu. Kila mara alirudi ametulia, na kila mara wenzake wale wale walikuwa wakimngoja. Katika safari zote hizo hakukutana hata mara moja na mtu ambaye kazi yake ni kumwuliza kwa nini anavuta.

Wapo watakaosema mlevi ni mkaidi na dawa yake ni viboko. Kama viboko vingetibu, kijana huyu angekwisha pona. Wengine watasema walimu tupo na tufanye unasihi. Ni kweli chuoni tulifunzwa saikolojia ya mtoto, nayo hutusaidia darasani. Lakini kumtibu mtu mzima aliyetawaliwa na kileo ni taaluma nyingine, na mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kuibeba.

Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Mkulima wa tumbaku au mpunga hawezi kumsafirisha mwanawe huko kila mwezi kwa ajili ya mazungumzo. Kwa hiyo naomba wahusika wafikirie mambo matatu. Mosi, mtaalamu wa namna hii awe na siku maalumu za kuzungukia vituo vya afya vijijini. Pili, waganga na wauguzi wa zahanati wafunzwe ushauri wa awali ili wajue nani wa kumpeleka mbele. Tatu, vijana wa Katavi wagharimiwe kusoma saikolojia tiba, ambayo Chuo Kikuu cha Muhimbili kinaifundisha, kwa masharti ya kurudi kutumikia mkoa wao. Wageni wengi huhama baada ya muda mfupi, na tiba hii haiwezekani kwa mtu wa kupita.

Vyombo vya dola vinafyeka na kuteketeza mashamba ya bangi, na vinafanya vyema. Shamba likiisha kuteketezwa, mvutaji bado yuko kwa mama yake. Naiomba Wizara ya Afya imkumbuke na yeye.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mpanda, Katavi.