Nyumba ya kobayi ijengwe mbele mnyama hajafika

Wiki hii tuongee juu ya mnyama ambaye watoto wetu wanamuomba sana: kobayi, ambaye wengine wanamwita simbilisi. Mtoto anamleta ndani ya kartoni, anacheza naye siku tatu. Kisha kartoni inalowa mikojo, inanuka, na usiku paka anaipasua. Asubuhi ni machozi. Basi mama, kama umekubali mnyama aingie katika lupango, nyumba yake itangulie.

Kule Kivu familia nyingi zinafuga makobayi jikoni, chini, karibu na moto. Joto wanalipata, lakini moshi wa makala unaumiza mapafu yao kama unavyoumiza yetu. Wakipewa sanduku lao la mbao, wanaishi vizuri zaidi.

Kwa makobayi wawili, sanduku liwe na urefu wa mita 1 na sentimita 20, na upana wa sentimita 60. Kobayi hapandi ukuta, anakimbia chini, kwa hiyo anahitaji nafasi ya kukimbilia kuliko kimo. Sakafu iwe ya mbao. Waya chini ya miguu unaleta vidonda. Mbele na juu weka waya wa matundu madogo, ambamo panya hapiti. Inua sanduku kwa miguu ya nusu mita, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji, siafu wasipande.

Hapa Mokambo malori yanapita kila siku kwenda na kutoka Zambia, na mbao za paleti si shida kupata. Lakini uliza paleti ilibeba nini. Ile iliyobeba dawa za migodi, au yenye harufu kali na madoa, usiilete nyumbani hata kwa kuwashia moto.

Ndani tandika nyasi kavu, uzibadilishe mara mbili kwa wiki. Zile za zamani ni mbolea nzuri ya bustani. Weka pia chungu kilichovunjika, kilazwe ubavu: kobayi ni mwoga, na asiye na pa kujificha hapumziki. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiuma, ongeza nyasi na ufunike upande wa upepo kwa gunia. Mwezi wa kumi sanduku likae kivulini, mbali na mabati. Joto likipita digrii 30, kobayi anaweza kufa.

Chakula chake ni nyasi hasa, kisha matembele, maganda mabichi ya mahindi na karoti. Mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Akikosa majani mabichi kwa wiki chache, viungo vinamuuma na anaacha kula. Kipande cha pera au cha pilipili hoho kinamsaidia. Usimpe sombe mbichi, wala majani ya nyanya, ya viazi mviringo au ya avoka, yana sumu. Maji safi yawepo kila siku, katika bakuli zito lisilopinduka.

Chukua majike wawili, kwa sababu kobayi mmoja peke yake anahuzunika. Ukiweka dume na jike, mimba inachukua kama siku 68, na mara nyingi wanazaliwa watoto 2 hadi 4, macho wazi, manyoya tayari. Watoto wa kiume watengwe wakifika wiki 3, la sivyo sanduku litajaa mbele ya mwaka kwisha.

Mtoto apewe kazi mbili: maji asubuhi, majani jioni. Akimshika mnyama, anawe mikono kwa sabuni. Usafi wa sanduku msaidiane.

Neno la mwisho, wamama. Katika nyumba nyingi kobayi ni nyama, na hakuna aibu. Lakini mwambie mtoto ukweli siku ya kwanza: huyu ni wako, au huyu ni wa chungu. Mtoto aliyeambiwa mapema atavumilia. Yule anayetoka masomoni akakuta sanduku tupu na mchuzi mezani, siku nyingine ukimuahidi kitu hatakuamini.

Tuonane wiki ijayo.