GATI LA KISUMU LILIJENGWA NA NANI?

Ndugu wanachama,

Siku hizi watu wengi huenda Kisumu kutembea. Hushuka gatini, hutazama meli, hupanda mashua kwenda upande wa Dunga kuona viboko, na hulipa fedha yao. Jambo hilo si baya. Mfanya kazi naye ana haki ya kupumzika penye maji pamoja na watoto wake. Ninalotaka kusema ni juu ya hadithi wanayopewa wageni hao, kwa sababu hadithi hiyo inatuibia, nasi tunanyamaza.

Nilikwenda huko na wenzangu wa tawi la Elburgon, tukasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana aliyetuongoza alisema vizuri, wala simlaumu, maana alisema kama alivyofundishwa. Alituambia kwamba mahali pale paliitwa Port Florence kwa jina la Bibi Florence Preston, mke wa Bwana Ronald Preston wa reli, na kwamba Bibi huyo ndiye aliyegongomea msumari wa mwisho wa reli mwezi wa Desemba 1901. Kisha akataja stima za zamani: William Mackinnon, Winifred, Clement Hill. Mackinnon alikuwa tajiri wa kampuni. Sir Clement Hill alikuwa bwana mkubwa wa ofisi huko London. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefunga bolti moja ya stima iliyopewa jina lake.

Basi nauliza: mtu aliyeinua ile reli akailaza mahali pake, ili Bibi apate kugonga msumari, jina lake nani?

Tazameni habari ya hiyo stima William Mackinnon. Ilitoka Uingereza vipande vipande, ikaunganishwa pale ziwani, ikashushwa majini mwaka 1900. Gari la moshi lilifika Kisumu mwaka 1901. Hesabuni wenyewe. Reli ilikuwa bado, na stima ilikwisha kuelea. Vipande vile havikuruka kama ndege. Vilibebwa na wapagazi juu ya vichwa vyao, siku nyingi za njia, jua na mvua, kupanda na kushuka milima ya Bonde la Ufa. Ndipo mafundi na vibarua wakavipanga kimoja kimoja na kuvifunga. Tena kazi ya namna hiyo haikwisha siku za wapagazi. Hata meli Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ililetwa kutoka Uskoti vipande vipande na kuunganishwa Kisumu. Mwaka 2020 meli hiyo ilirudishwa kazini huko Mwanza. Mikono iliyoifunga haikuwa mikono ya mchezo.

Ninyi mnaosema mambo ya ziwa hayatuhusu sisi watu wa milimani, fikirini tena. Mpaka reli ilipofika Kampala mwaka 1931 kwa njia ya Eldoret, mizigo mingi ya Uganda ilivuka ziwa kwa stima, ikapakuliwa Kisumu, ikapakiwa katika mabehewa, ikapanda Londiani na Molo, ikapita hapa Elburgon kwenda Nakuru na Mombasa. Injini zilichoma kuni, na kuni zilikatwa katika misitu ya kando ya reli. Mkata kuni wa Mau, mtu wa gengi, mgeuza njia wa steshenI, kuli wa gatini na baharia wa stima walikuwa kamba moja. Ukikata kipande kimoja, pamba ya Uganda inabaki Uganda.

Wako watakaojibu kwamba majina ya watu wale hayakuandikwa. Hilo silikubali. Tangu miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika wa nchi hii alilazimishwa kuvaa kipande shingoni. Ndani yake waliandika jina lake, alama ya vidole vyake, tajiri wake na mshahara wake. Wakati wa kumkamata mtu aliyetoroka kazi, jina lilijulikana mara moja. Wakati wa kumsifu, jina limepotea! Hata Wahindi walioletwa kujenga reli, watu 31,983, angalau waliokufa walihesabiwa: 2,493. Waafrika waliokufa katika kazi ile ile hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo.

Mwingine atasema: mambo ya zamani yatanipa unga gani? Nitamjibu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni hivyo. Reli hii imebadilisha mabwana mara nyingi. Mwaka 1948 ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mwaka 2006 ikakodishwa kwa kampuni, na mwaka 2017 mkataba ukafutwa. Kila bwana huingia na makabati yake. Mzee mmoja wa hapa kwetu, aliyefanya kazi ya gengi miaka mingi, alikwenda katika ofisi moja kuulizia haki yake. Karani akamwambia, "Mzee, hatukuoni katika karatasi." Mzee yule alipona kwa sababu wenzake wawili waliokuwa hai walisimama wakashuhudia kwamba walishika sururu pamoja naye. Je, kama wangalikuwa wamekufa?

Hata karibuni ni hivyo hivyo. Meli Uhuru, inayobeba mabehewa 22 kwa mara moja, ililala zaidi ya miaka kumi, ikarudi kazini Desemba 2019. Sote tulisikia majina ya wakubwa. Nani kati yenu alisikia jina la fundi aliyeingia ndani ya injini na kutoka amejaa grisi?

Kwa hiyo naleta mambo matatu mbele ya Chama. Kwanza, Chama kiombe kwa barua kwamba gatini Kisumu kiwekwe kibao cha wapagazi, makuli, mafundi, mabaharia na watu wa reli, na viongozi wa wageni wafundishwe habari zao. Pili, mfanya kazi wa reli na meli aliyestaafu aruhusiwe kuingia gatini bila malipo, kwa sababu si mgeni pale. Tatu, kila tawi liandike habari za wazee wake sasa, kabla hawajatuacha: jina, kazi, mwaka wa kuanza, mwaka wa kuacha, na wenzake aliofanya nao kazi.

Jambo la tatu halihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Daftari la shule na kalamu vyatosha. Tawi la Elburgon limekwisha kununua daftari hilo, na liko kwa karani wetu. Mwenye baba au babu aliyefanya kazi ya reli, kuni au meli, amlete mkutanoni. Asiyeweza kutembea, tutamwendea nyumbani kwake.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa reli, Elburgon