Kabla Hujasema Mungu Anamrudi

Usiku wa Februari 3, 2023, Coaster iliyobeba maiti na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika Kilimanjaro iligongana na Fuso pale Magila Gombe, wilayani Korogwe. Walikufa watu wasiopungua 17, wengi wao wa familia moja. Ukitokea msiba mzito namna hii, hakosekani mtu wa kunong'ona chini ya turubai: hawa walimkosea nini Mungu? Na mara nyingi mnong'onaji ni mtu wa kanisani, anayeijua vizuri sura ya 12 ya Waebrania.

Toleo hili linahusu adhabu na upendo wa Mungu, na nataka tuanze kwa kukataa mnong'ono huo. Katika Luka 13, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anakana kwamba walikuwa waovu kuliko wenzao wa Yerusalemu, kisha anawageukia waliosimama mbele yake, wazima, na kuwataka wao watubu. Marehemu hawafanyii kesi.

Na Waraka wenyewe kwa Waebrania uliandikiwa watu waliokwisha kunyang'anywa mali kwa sababu ya imani. Waliambiwa wasizimie moyo, kwa kuwa Baba humrudi mwana anayempenda. Ni neno la kumwinua aliyeanguka, na mwandishi anajiweka humo pamoja nao. Tunaosoma tuendelee hadi mstari wa 12 na wa 13, ambako wahubiri wengi hawafiki: hapo yanatajwa magoti yaliyolegea, na kiwete anayetakiwa aponywe, asizidi kuumia.

Kule Kwamkono, Handeni, Kanisa Anglikana limekuwa na makazi ya watoto wenye ulemavu. Mama anayempeleka mwanawe mahali kama pale pengine ameshaambiwa na majirani kwamba mguu ule uliopinda ni malipo ya dhambi ya ukoo. Wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyo hivyo kuhusu kipofu wa Yohana 9, wakajibiwa kwamba si yeye wala wazazi wake. Kinachofuata katika sura hiyo ni kuponywa. Mimi naona mistari ile miwili ya Waebrania inatimizwa zaidi na anayemfanyisha mtoto mazoezi ya kutembea, hata mtoto akilia, kuliko na sisi tunaotafuta mkosaji.

Sisemi Mungu haadhibu. Mweka hazina wa kikundi aliyekula akiba za akina mama, akawa hapati usingizi mpaka azirudishe, amerudiwa, na ni rehema kubwa kwamba hakuachwa alale. Lakini hilo analijua yeye na Mungu wake. Jirani hana ushahidi.

Tunapoadhibu kwa jina la Mungu ndipo hatari inapozidi. Binti akipata mimba nje ya ndoa anatengwa na meza ya Bwana, huku kijana aliyempa mimba akiendelea kuimba kwaya Jumapili hadi Jumapili. Upendo uko wapi hapo? Wazee wa kanisa wanaosoma toleo hili, kabla hamjaandika jina la binti kwenye daftari la waliotengwa, jibuni kwanza: kijana ameitwa? Nani atakwenda nyumbani kwa binti wiki hii, na atarudishwa kundini lini?