Jina kwenye mfuko wa mchele ni la nani?

Sokoni Dar es Salaam, neno "Kilombero" kwenye gunia linatosha kumsimamisha mteja, hata kama mchele wenyewe umetoka kwingine. Si ajabu basi mama wa Ifakara anayeanza kupaki mchele wake kwenye mifuko ya kilo tano akataka neno hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Aandike tu, mradi mpunga ni wa huko. Ila halitakuwa lake peke yake: ni jina la mahali, na jirani yake analima bonde hilohilo. Anachoweza kumiliki ni jina la kubuni atakaloongeza, na nembo yake.

Hapa ndipo watu hukwama. Mama anasajili jina la biashara BRELA, anapata cheti, anatulia. Cheti hicho kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo, basi. Anayetaka kumzuia mwingine asilibandike kwenye mchele wake anahitaji kusajili alama ya biashara, ambayo ni ombi jingine kabisa, japo ofisi ni ileile. Alama hulindwa miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10. Mchele ukivuka kwenda Zanzibar, usajili huo haufiki. Kule kuna BPRA.

Na mchoro je? Binti wa kidato cha pili amechora sheshe, mnyama wa bonde hilo, na mfuko umependeza. Hakimiliki ilianza pale alipomaliza kuchora, bila kulipia chochote, na ni yake, mtoto au si mtoto. Inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuisajili COSOTA si lazima, lakini kunasaidia ushahidi ukizuka ugomvi. Mwenye mashine ya kukoboa akimpa elfu ishirini na kuondoka na mchoro, amenunua karatasi. Haki yenyewe huhamishwa kwa maandishi, na mzazi awepo yanapoandikwa, maana watoto hufurahia noti ya kwanza wanayoonyeshwa.

Mbegu nayo ina sheria yake, ya mwaka 2012, inayowalinda wagunduzi wa aina mpya za mimea. SARO 5 ilitoka kwa watafiti wa hapohapo Ifakara, miaka kumi kabla ya sheria hiyo.

Kwa mama wa mifuko, la kuanza nalo ni kuulizia BRELA kama jina alilobuni limeshachukuliwa. Mchapaji asubiri kwanza.